Mama Nane na Miguu Yenye Majina

Tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika karakana yetu ya miguu bandia, mwenzetu tunayemwita Mama Nane atakabidhi funguo za chumba cha kuchonga na kwenda nyumbani kupumzika. Kupumzika ni neno la barua ya utumishi. Sisi tunaomfahamu tunajua kwamba mumewe ameshaanza kutafuta pa kujificha.

Jina lake halisi limo kwenye barua hiyo, na wengi wetu tulilisoma mara mbili ili tuhakikishe ni yeye. Hapa ndani, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, ni Mama Nane. Wagonjwa wanaotoka mbali humuuliza mlinzi "Mama Nane yupo leo?" kabla hata ya kumsalimia. Wageni hudhani ana watoto wanane. Anao wawili, mabinti, wote wameshaolewa. Nane ni idadi ya herufi, na habari ya herufi hizo ndiyo habari ya kazi yake, kwa hiyo naomba mnivumilie nianze na mashine.

Aliajiriwa kama mpiga chapa wa mapokezi. Alipofikisha mwaka wa tatu, karakana ilipata msaada wa mashine ya kuchonga kalibu. Kwa wasiojua kazi yetu: mgonjwa hupimwa kigutu, vipimo huingia kwenye kompyuta, kisha mashine huchonga bonge la povu gumu mpaka lipate umbo la kigutu kile kile. Juu ya umbo hilo sisi mafundi huvika plastiki ya moto, na hapo ndipo kinapopatikana kikombe cha mguu, yaani ile sehemu inayokaa mwilini. Kikombe kikikosea kidogo tu, mtu hatembei, anachubuka.

Mashine ilitufikia ikiwa imeshatumika, na kompyuta yake ilikuwa ya zamani hata kwa wakati ule. Mtu aliyekuja kutufundisha alikaa wiki moja, kisha akakumbuka kwamba ana haraka. Mafundi wakubwa wote walikuwa na sababu ya kutoigusa. Mmoja alitaja macho, mwingine mgongo, nami mwandishi wa mistari hii, fundi wa plasta wa meza ya pili, nilionyesha mikono yangu iliyojaa jasi. Mpiga chapa akasema yeye haogopi kitu chenye kibodi, akavuta kiti, akakaa. Hakusimama tena, isipokuwa kutugombeza.

Mfumo endeshi wa kompyuta ile ulikuwa na masharti kama mama mwenye nyumba ya kupanga. Jina la faili lisizidi herufi nane. Baada ya hapo iwekwe nukta, kisha mkia wa herufi tatu, basi. Hakuna kuacha nafasi, hakuna herufi ndogo. Ukijaribu kuongeza herufi ya tisa, mashine hulia kwa sauti ya kukerwa na kukaa kimya. Kila alipoletewa jina refu la mgonjwa, yeye aliimba kutoka chumbani, "Nane tu, jamani, nane tu!" Jina likamganda.

Likamganda mpaka nyumbani. Makopo yote ya jikoni kwake yameandikwa kwa herufi kubwa, hakuna lililozidi nane. Kwenye simu yake wakwe zake wawili wamehifadhiwa kama MKWE01 na MKWE02, na yule wa pili analalamika mpaka leo kwamba amepewa namba badala ya heshima. Mumewe, fundi bomba mstaafu mwenye subira ya ajabu, anasema alipoposa alipewa muda wa kueleza nia yake, akakatizwa kabla hajafika katikati. Tunamwamini.

Sasa nieleze jambo lililoifanya kazi yake iwe kazi yake. Mwanzoni alifanya kama ambavyo yeyote angefanya. Alichukua jina la mgonjwa, akaandika herufi nane za mwanzo, zilizobaki akaziacha. Siku moja alikuja mwalimu wa hesabu aliyekuwa amevaa mguu wetu kwa muda mrefu, akitaka kikombe kipya kwa kipimo chake cha zamani. Tukakitoa, tukakichonga, tukakivika. Mwalimu akasimama kwenye reli za mazoezi, akapiga hatua, akasimama tena. Kisha akasema kwa upole wa mtu anayesahihisha daftari, "Mguu huu ni mzuri sana, ila si wangu."

Ulikuwa wa muuza nguo mmoja wa sokoni. Wawili hao walifanana jina la kwanza na mwanzo wa jina la baba, na herufi nane za mmoja zilikuwa herufi nane za mwingine. Muuza nguo alipopimwa, mashine ilikuwa imeuliza kama ifute faili iliyopo iweke mpya, na Mama Nane, akidhani ni mtu yule yule amerudi, alijibu ndiyo. Kipimo cha mwalimu kilikuwa kimekwenda na maji. Ilibidi apimwe upya, na wiki zile za kusubiri alifundisha akiwa ameketi.

Wengine wangeilaumu mashine. Mama Nane alimfuata mwalimu mpaka kwenye benchi la wagonjwa, akamwambia waziwazi, "Nimekosea mimi, mwalimu. Sasa nisaidie nisirudie. Mguu wako tuupe jina lake lenyewe, lisizidi herufi nane, ambalo hutalisahau." Mwalimu akafikiri kidogo, akasema, "Uite NIWANGU." Tangu siku hiyo karakana hii haijawahi kukata jina la mtu. Kila mguu unaotoka hapa umepewa jina na mwenyewe, na jina hilo Mama Nane huliandika ndani ya kikombe kwa wino usiofutika. Ule mkia wa herufi tatu ulieleza upande na mguu huo umetengenezwa mara ngapi: S ya kushoto, L ya kulia, kisha namba. Mwanzoni alitumia K kwa vyote viwili, kushoto na kulia, na ilichukua siku kadhaa kabla hajagundua kwa nini meza yangu inamcheka.

Utaratibu huo ulibadilisha chumba chetu cha vipimo. Watu waliokuwa wakiingia wameinamisha kichwa walijikuta wanahesabu herufi kwa vidole. Mshonaji mmoja aliuita mguu wake JUMATATU, kwa kuwa ndiyo siku aliyoapa kurudi kwenye cherehani. Dereva wa lori alitaka Kipenzi cha Roho, akapunguziwa mpaka KIPENZI, na mkewe aliyekuwa amekaa pembeni akakubali kwa masharti ambayo sitayaandika kwenye jarida la wafanyakazi. Mtoto wa kike wa miaka sita alitaka MBWAWANGU. Herufi tisa. Walipatana bei na Mama Nane kama watu wa sokoni, mmoja akishusha, mwingine akipandisha, mpaka wakakubaliana MBWA, kwa ahadi kwamba mbwa mwenyewe atachorwa ndani ya kikombe. Miguu ya watoto huachwa kila wanaporefuka, kwa hiyo MBWA alifika mpaka S09. Mwenye mbwa sasa yuko chuo cha uuguzi, na bado anataka achorewe.

Yupo mmoja ninayemkumbuka zaidi kuliko wote. Alikuwa mwashi, mtu mkubwa, mwenye hasira iliyojaza chumba. Alipoulizwa jina la mguu alisema, "Mguu wangu ulikuwa hauna jina na haukuhitaji. Huu wenu uiteni mnavyotaka." Mimi ningeandika chochote nikaendelea na kazi. Mama Nane aliandika BADO, akamwambia akiwa tayari arudi. Ilipita miezi mingi. Akarudi asubuhi moja, ametembea mwenyewe kutoka kituoni, akasimama mlangoni pa chumba cha kuchonga na kusema neno moja tu: TWENDE. Mama Nane alibadilisha jina la faili mbele yake, akamgeuzia skrini aone. Wote wawili walilia, nami nikaenda kuchanganya jasi ambayo haikuhitajika.

Miaka ilivyosonga, vipimo vikaanza kuchukuliwa kwa kamera ya mkononi na kompyuta mpakato ya kisasa. Kompyuta ile haikuwa na haya. Iliandika jina la mgonjwa, la baba, la babu, upande, juu ya goti au chini ya goti, na tarehe, yote katika jina moja la faili. Flopi, ile diski nyembamba ya kubebea faili, ilipopelekwa kwenye mashine ya zamani, mashine ilisoma herufi sita za mwanzo, alama ya wimbi na namba, basi. Wagonjwa watano wenye majina yanayoanza sawasawa walionekana kama ndugu wa tumbo moja. Ndipo Mama Nane akawa mkalimani. Kila asubuhi alikaa kati ya kompyuta mbili, moja isiyojua kunyamaza na moja isiyotaka maneno mengi, akihamisha miguu kutoka lugha hii kwenda ile. Hakuna hata mmoja uliopotelea njiani.

Kwa kazi hiyo alifundisha mafundi wa karakana dada mbili, alipewa cheti cha mfanyakazi bora, na cheti hicho alikitumia kufunikia kompyuta isiingie vumbi. Nakala za faili zote alizitunza kwenye bati la biskuti, na ole wake aliyelifungua akitafuta biskuti. Flopi zilipoacha kuuzwa madukani alizisaka kwa mafundi redio, kwenye maghala ya ofisi zilizofungwa, hata kwa mkwe wa pili, ambaye alimletea boksi zima na bado hakupandishwa cheo.

Kisha mwaka huu mambo mawili yakaja pamoja: barua yake ya kustaafu, na mashine mpya. Ile ya zamani ilikuwa imeanza kukohoa kila inapowashwa, na kila mtu alijua kwamba siku itakapokataa kuwaka, maelfu ya miguu yamo ndani yake. Miguu hiyo ni ya watu walio hai. Vikombe hupasuka, plastiki huchoka, na mtu hurudi baada ya miaka akitaka mguu wake, si mguu tu. Kila faili ilibeba jina la mguu, na mwenye mguu alikuwa kichwani mwa Mama Nane. Swali lililotunyima raha karakana nzima, na yeye kuliko sote, lilikuwa moja: akishaondoka, watu hawa wataipata miguu yao?

Makao makuu yalituletea mtaalamu wa kompyuta, bwana mpole aliyevaa fulana yenye mifuko mingi, ambaye kabla ya saa ya chai alikuwa ameshaitwa Mtandao. Pendekezo lake lilikuwa rahisi. Majina yote yaondolewe, kila faili ipewe namba ya kadi ya mgonjwa. "Mama, jina linamfurahisha mtu," alisema, "lakini namba haikosei."

"Namba haikosei, baba," Mama Nane akamjibu, "ila mtu anaikosea."

Walianza hivyo, na kwa siku kadhaa chumba cha kuchonga kilikuwa na joto bila ya mashine kuwashwa. Mama Nane alitaka hata mashine mpya, inayomeza jina refu kuliko sala, iendelee na herufi nane. Kwa nini? Kwa sababu nane zinatosha. Huo ulikuwa ukaidi mtupu, nasema haya kwa mapenzi, na Mtandao hakuogopa kumwonyesha. Alimwomba afungue faili zote zenye jina la TUMAINI.

Skrini ikajaa. Watu wengi sana, kwa miaka yote hiyo, walikuwa wamechagua jina hilo, na kwa kuwa lilishachukuliwa, kila mmoja aliongezewa namba: TUMAINI1, TUMAINI2, mpaka zilipofika TUMAIN10 na herufi ya mwisho ikaliwa. Mtandao akauliza kwa adabu, "Mwenye tumaini la saba akija wewe hupo, nani atajua kuwa ni la saba?" Mama Nane akaipitisha kidole orodha ile mpaka chini. Kisha akasema, "Hapo umenikamata," akasogeza kiti, akampa nafasi akae.

Kuanzia hapo walifanya kazi kama watu waliozaliwa nyumba moja. Mtandao alitunga programu ya kuhamisha faili: jina la mguu libaki mbele kama lilivyo, kisha lifuatwe na jina kamili la mwenyewe, upande na namba ya kadi. Mama Nane alikaa pembeni akitaja wenyewe mmoja baada ya mwingine, macho ameyafumba, huyu muuza maziwa, huyu mke wa mchomeleaji, huyu aliyekuja na mama mkwe wake wakagombana chumba cha vipimo. Alipokwama, tulimpigia mgonjwa simu na kumwomba avue mguu, asome kilichoandikwa ndani ya kikombe. Nimesikia mtu mzima akisoma jina la mguu wake kwenye simu kwa sauti ya mtu anayemtambulisha mwanawe. Matumaini yote yalipata wenyewe, likiwamo la saba, la bibi mmoja anayefuga kuku na ambaye alitaka kujua kama tumempigia kwa sababu ya mayai.

Mkurugenzi hakuridhika na maneno. Aliamua kwamba kwa wiki nzima Mama Nane asikanyage chumba cha kuchonga, ili tuone wenyewe kama mambo yanaenda bila yeye. Kiti chake alikikalia mrithi wake, dada wa mapokezi ambaye sasa ndiye mtunza faili wetu. Mama Nane alikubali kwa mdomo. Lakini asubuhi ya siku ya kwanza tulimkuta kwenye benchi la wagonjwa barazani, pochi magotini, mgongo umenyooka, kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Hakuna aliyethubutu kumwambia arudi nyumbani.

Mgonjwa wa kwanza kuingia alikuwa yule mwalimu wa hesabu. Naye amestaafu sasa, kichwa kimejaa mvi, na kikombe chake kilikuwa kimepasuka pembeni. Alimsalimia Mama Nane pale benchini, akashangaa kumwona nje, akaambiwa aingie tu. Ndani aliombwa kadi, akawa ameisahau. Akaulizwa namba ya kadi, yeye mtu wa hesabu, na hakuikumbuka hata tarakimu moja. Dada wa mapokezi akavuta pumzi, akamuuliza mguu wake unaitwaje.

"NIWANGU," akasema, bila ya kufikiri.

Dada akaandika. Mashine mpya ikaleta NIWANGU mmoja tu, na jina lake kamili, na jina la baba yake, na la babu yake. Tulichonga, nikavika plastiki kwa mikono yangu mwenyewe, na alipoitwa kuujaribu alisimama kwenye reli zile zile za zamani. Mlango tuliuacha wazi kidogo, na kila aliyekuwa chumbani alijua ni kwa nini. Mwalimu akapiga hatua. Akageuka, akarudi, akaachia reli.

"Ni wangu," akasema.

Nilipochungulia barazani, Mama Nane alikuwa ameinuka na anafuta miwani yake kwa ncha ya kanga. Aliweka pochi begani, akaniuliza kama nimekunywa chai, akasema basi yeye anakwenda nyumbani. Siku zilizobaki za wiki ile hakuja kukaa kwenye benchi.

Mama Nane, kwa niaba ya mafundi wa meza zote, mapokezi, mlinzi wa getini anayekudai salamu za asubuhi, na Mtandao aliyeomba jina lake liwemo hapa, tunakushukuru. Uliichukua mashine iliyotukatalia herufi ya tisa ukaifanya imheshimu kila aliyepita mlangoni kwetu. Ulipokosea ulisema umekosea, na kosa hilo likazaa utaratibu mzuri kuliko wote tulionao. Mumeo tunamwomba radhi mapema.

Kabla ya kuizima mashine ya zamani tulitaka faili yake ya mwisho iwe ya kukuaga. Tuliandika salamu zetu kwenye kompyuta mpakato, tukazipeleka kwa flopi, kwa kufuata utaratibu wako. Mashine ikasoma TUNAKU~1, ikakataa mengine yote, kama tulivyotarajia. Yaliyokatwa tunayaandika hapa, mahali ambapo hakuna wa kutuhesabia: tunakutakia maisha mema, afya, usingizi wa kutosha, na wakwe wenye subira. Nenda ukapumzike bila wasiwasi, mama yetu. Miguu yote inawajua wenyewe.